Kodi ya mauzo Marekani: mwongozo kwa mnunuzi na kwa anayeanza kuuza

Maswali ni yale yale kila wiki. Bei kwenye rafu ni dola 19.99, keshia anadai 21.64: nimeibiwa? Mbona dada yangu wa Minneapolis hakukatwa kodi kwenye viatu na mimi wa Dallas nimekatwa? Nauza vitenge kwa WhatsApp tu, hiyo kodi inanihusu? Badala ya kumjibu kila mtu peke yake, nimeyapanga yote hapa. Sehemu ya mnunuzi ni fupi. Ya muuzaji ni ndefu, maana huko ndiko watu wetu wanakoumia. Mifano mingi ni ya Texas, jimbo ambalo sheria zake nazifahamu vizuri, na mahali ambapo majimbo mengine yanakwenda kivyao nimetaja.

Jambo moja lishike kwanza. Marekani haina kodi moja ya mauzo ya nchi nzima. Nyumbani tumezoea VAT: Tanzania bara 18%, Kenya 16%, inatozwa na serikali kuu na bei ya rafuni imeshaibeba. Huku serikali kuu haimo kabisa. Kila jimbo lina kodi yake, na chini ya jimbo, kaunti na mji nao huongeza chao. Majimbo 45 pamoja na Washington D.C. yanatoza. Matano hayatozi kodi ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon, ingawa Alaska inaruhusu miji yake itoze. Kwa hiyo kila swali la kodi hii linajibiwa kwa maswali mengine matatu: uko wapi, unanunua nini, na nani anamuuzia nani.

Uwe na haya mkononi

Ukiwa mnunuzi, risiti yoyote ya karibuni, simu yenye kikokotoo, na anwani kamili ya mahali unaponunulia. Basi.

Ukiwa muuzaji, andaa:

- namba yako ya Social Security, au ITIN (namba ya kodi ya asiye na Social Security)
- namba ya EIN (namba ya kodi ya biashara) kama umesajili kampuni au umeajiri mtu. Inatolewa bure na IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, kwenye tovuti yao wenyewe. Kuna tovuti nyingi zinazojifanya za serikali na kutoza pesa kwa kazi hii ya dakika chache. Anwani ya serikali inaishia na .gov
- orodha ya kila unachouza, hata kama ni vitu vitano
- anwani ya unapofanyia kazi, ambayo inaweza kuwa nyumbani kwako
- akaunti ya pili ya benki. Wengi huiruka, na sababu ya kuihitaji utaiona hatua ya 5 ya muuzaji

## Kwa mnunuzi

1. Jua kiwango cha mahali ulipo.
Texas inatoza 6.25% ya jimbo, na kaunti, miji na taasisi za usafiri wa umma zinaweza kuongeza hadi 2%. Ndiyo maana Houston, Dallas na miji mingine mikubwa imesimama kwenye 8.25%, ambayo ndiyo kilele cha sheria. California inaanzia 7.25% na kupanda kutegemea mji. Colorado kiwango cha jimbo ni 2.9% tu, lakini usishangilie mapema, miji yake inaongeza chake kikubwa. New York jimbo linachukua 4%, na ukiwa New York City jumla inafika 8.875%. Kentucky na Massachusetts ni rahisi kukumbuka: 6% na 6.25%, kwa bidhaa za kawaida miji haiongezi kitu.

Ofisi ya kodi ya kila jimbo ina ukurasa wa kutafuta kiwango kwa anwani. Tumia anwani kamili, si msimbo wa posta peke yake, kwa sababu msimbo mmoja unaweza kukatizwa na mpaka wa mji.

2. Angalia kitu chenyewe kama kinatozwa.
Hapa ndipo pana utamu na vurugu. Majimbo mengi hayatozi chakula cha kupika nyumbani. Texas, unga, mchele, maharage, nyama, mboga, maziwa na maji ya chupa havina kodi. Soda na peremende zina kodi. Sabuni ina kodi. Dawa za dukani zisizohitaji cheti cha daktari hazina. Nepi za watoto na taulo za kike zilisamehewa Septemba 2023, kwa hiyo duka likiendelea kukutoza kwa vitu hivyo, una haki ya kulalamika.

Chakula kilichopikwa ni habari nyingine. Kuku mbichi, hakuna kodi. Kuku huyo huyo akishachomwa na kuwekwa kwenye kabati la moto, kodi ipo. Mlo wa mgahawani unatozwa hata New Hampshire, jimbo lisilo na kodi ya mauzo: wana kodi ya pekee ya milo na vyumba vya hoteli, 8.5%.

Majimbo machache hayajausamehe mlo wa nyumbani. Tennessee hutoza 4% ya jimbo kwenye chakula, na Mississippi ilishusha kutoka 7% hadi 5% Julai 2025 tu.

Nguo ndizo zinazoleta ubishi kwenye simu. Minnesota, Pennsylvania na New Jersey hazitozi nguo za kawaida. Massachusetts inasamehe hadi dola 175 kwa kila nguo, na ukizidisha unatozwa ile ziada tu. New York ni kali zaidi: nguo au viatu vya chini ya dola 110 havina kodi ya jimbo, na New York City imesamehe ya kwake pia, lakini bei ikigusa dola 110 unatozwa bei yote. Viatu vya dola 109 unalipa 109. Vya dola 110 unalipa 119.76. Texas haina huruma hiyo siku za kawaida, ndiyo jibu la yule wa Dallas na dada yake.

3. Soma risiti kwa mstari.
Tafuta neno "Subtotal", hiyo ndiyo jumla kabla ya kodi. Chini yake utaona "Tax", kisha "Total". Pembeni ya kila bidhaa maduka mengi huchapa herufi ndogo kuonyesha ipi imetozwa na ipi haikutozwa; maana ya herufi hutofautiana duka kwa duka. Ukiona mchele una herufi moja na sabuni, uliza.

4. Piga hesabu kabla ya kufika kwa keshia.
Zidisha bei kwa kiwango. Dola 19.99 mara 1.0825 ni 21.64, hakuna aliyekuibia. Kwa hesabu ya kichwani Texas, chukua senti 8 kwa kila dola na uongeze kidogo. Mwenye dola 20 kamili mfukoni hawezi kununua kitu cha 19.99 chenye kodi, na aibu ya kurudisha vitu mbele ya foleni wengi wetu tumeipata wiki ya kwanza.

Kuponi zinachanganya. Punguzo la duka lenyewe kwa kawaida hushusha bei inayotozwa kodi. Kuponi ya kiwanda, katika majimbo mengi, haishushi, kwa sababu duka linarudishiwa pesa hiyo na kiwanda, kwa hiyo kodi inapigwa kwenye bei kamili.

5. Ukilipa kwa kadi ya SNAP (msaada wa chakula wa serikali), usikubali kodi.
Sheria ya serikali kuu inakataza jimbo kutoza kodi ya mauzo kwenye kitu kilicholipiwa kwa SNAP au WIC (msaada wa chakula kwa kina mama na watoto wadogo). Hata kile ambacho jimbo lingekitoza ukilipa taslimu. Ukilipa nusu kwa SNAP na nusu kwa pesa zako, sehemu ya pesa zako inafuata kanuni za kawaida. Mashine za maduka makubwa zinajua hili. Vijiduka vidogo, pamoja na vya kwetu, wakati mwingine havijui.

6. Mgahawani, bahashishi hesabu kwenye "Subtotal".
Chakula cha dola 40 kikitozwa dola 3.30, asilimia yako ipige kwenye 40. Ile mashine anayokuzungushia mhudumu mara nyingi imepiga asilimia juu ya jumla yenye kodi. Bahashishi unayotoa kwa hiari haina kodi.

7. Usidhani kununua nje ya jimbo ni ujanja.
Watu wa Vancouver, Washington, huvuka mto kwenda Portland, Oregon, kununua bila kodi. Kisheria wanapoleta mzigo nyumbani wanadaiwa kodi nyingine, ya matumizi, ambayo ni pacha wa kodi ya mauzo: kama muuzaji hakuitoza, mnunuzi anailipa mwenyewe. California na Ohio zimeweka mstari wake kwenye fomu ya kodi ya mapato ya jimbo. Kwa shati hakuna atakayekufuata. Kwa gari huponi, kwa sababu utadaiwa siku ya kwenda kuliandikisha.

Na mgeni aliyekuja kutembea asiulize dirisha la kurudishiwa kodi uwanja wa ndege kama kule Ulaya. Mpango wa nchi nzima wa namna hiyo haupo.

8. Subiri wikendi ya msamaha kama unaweza.
Texas, kila Agosti kabla ya shule kufunguliwa, nguo, viatu na mabegi ya shule ya chini ya dola 100 kwa kipande hayatozwi. Kwa mzazi wa watoto wanne hiyo si pesa ndogo. Viatu vya dola 105 vinatozwa vyote, si zile dola tano. Majimbo kadhaa yana siku kama hizi, na tarehe hutangazwa kila mwaka.

## Kwa muuzaji

Kabla hujasema "mimi biashara yangu ndogo": ukubwa haukuokoi kama biashara iko ndani ya jimbo unaloishi. Vile viwango vya dola 100,000 au 500,000 unavyovisikia ni vya kuuza kwenye majimbo mengine ambako hupo. Huku kuchanganya ndiko ninakokuona mara nyingi kuliko kosa lolote. Mtu anauza madera sebuleni kwake Fort Worth, ameambiwa mpaka dola laki tano ndiyo ajisajili. Sivyo. Yuko Texas, bidhaa iko Texas, anatakiwa awe na kibali cha kodi ya mauzo kabla ya kuuza gauni la kwanza.

Aliyeuza kochi lake la zamani si muuzaji. Texas inaruhusu asiye mfanyabiashara kuuza mara moja au mbili ndani ya miezi 12 bila kibali. Ya tatu, kwa kawaida wewe ni duka.

1. Pitia orodha yako, kitu kimoja kimoja.
Andika mbele ya kila kitu: kina kodi, hakina, sijui. Kwa "sijui" piga simu ofisi ya kodi ya jimbo au tafuta kwenye tovuti yake. Usimuulize muuzaji mwenzio wa jimbo jingine, atakupa jibu sahihi la kwake na bovu la kwako.

Mifano ya biashara zetu. Kitenge cha kitambaa na kitenge kilichoshonwa Texas vyote vina kodi. Minnesota, gauni lililoshonwa limesamehewa kama nguo, ila kitambaa chenyewe hakihesabiwi nguo, kinatozwa. Hereni na mikoba navyo vinatozwa huko. Sambusa za moto ulizokaanga na kuuza kwenye sherehe zina kodi Texas. Zilizogandishwa ambazo mteja atakwenda kukaanga mwenyewe hazina. Kusuka nywele Texas hakuna kodi, lakini rasta na mafuta unayomuuzia mteja aende nayo yana kodi. Hamia Iowa na kazi hiyo hiyo ya saluni inatozwa.

2. Chukua kibali.
Texas kinaombwa mtandaoni kwa ofisi ya Comptroller, ndiyo ofisi ya kodi ya jimbo, na ni bure. California kinatolewa na CDTFA, ofisi ya kodi ya mauzo ya huko, bure pia. Majimbo mengine hutoza ada ndogo. Anayekudai mamia ya dola "kukutafutia kibali" anakuuzia foleni isiyokuwapo.

Fomu itakuuliza unauza nini, utaanza lini, na unatarajia kuuza kiasi gani. Jibu ukweli. Tarehe ya kuanza ni siku ya mauzo ya kwanza, siyo siku unayojaza fomu. Hali yako ya uhamiaji si sehemu ya hesabu hii. Kodi inamfuata anayeuza, awe na makaratasi gani.

Ukipewa kibali, kibandike panapoonekana mahali pa kazi. Na usichanganye kibali hiki na usajili wa kampuni au leseni ya mji au ya afya. Hivyo ni vitu vingine, huenda unavihitaji vyote.

3. Nunua bidhaa za kuuza bila kodi, kwa njia ya halali.
Kodi hii inalipwa mara moja tu, na mtumiaji wa mwisho. Hakuna ile kazi ya kudai marejesho ya VAT uliyolipa kwa msambazaji. Badala yake unampa msambazaji cheti kinachoitwa "Resale Certificate", chenye namba ya kibali chako na maelezo ya unachonunua ili kukiuza tena. Anakihifadhi, hakutozi. Kimoja kinaweza kutosha kwa manunuzi yote ya siku za usoni kwa msambazaji huyo.

*Angalizo.* Cheti hiki si kadi ya punguzo. Kununulia televisheni ya sebuleni kwa cheti cha kuuza tena ni kosa la jinai Texas. Hata vifaa vya biashara, kama cherehani, meza au mashine ya kadi, unalipia kodi kwa sababu unavitumia, huviuzi. Na ukitoa gauni dukani kwako ukampelekea shangazi kama zawadi, umelitumia wewe: kodi yake inakuhusu, kwa bei uliyolinunulia.

4. Toza kiwango sahihi.
Mteja aliyesimama mbele yako, toza kiwango cha hapo mlipo. Gauni la dola 60 Houston: kodi 4.95, jumla 64.95. Andika kodi mstari wake kwenye risiti.

Ukimpelekea mteja mzigo, majimbo mengi huangalia mahali mzigo unapofika. Texas na Ohio ni miongoni mwa machache ambayo, kwa muuzaji wa ndani ya jimbo, kwa kawaida huangalia mahali pa muuzaji. Texas gharama ya kupeleka bidhaa yenye kodi nayo inatozwa kodi, jambo linalowapita wengi.

Wengine hupenda bei kavu: "Kila kanga dola 20, basi." Inaruhusiwa Texas mradi uweke kibao kinachosema wazi kuwa kodi imo. Lakini hesabu yake si 8.25% ya 20. Gawanya 20 kwa 1.0825, unapata bei ya 18.48, na kodi ni 1.52. Anayepiga 8.25% ya 20 anatoa 1.65, anajipunja senti 13 kila kanga.

5. Itenge pesa ya kodi siku hiyo hiyo.
Kama utasoma hatua moja tu, soma hii. Ile 4.95 haijawahi kuwa yako. Umeishika kwa niaba ya jimbo, na sheria inakuona kama mtu aliyewekwa amana. Biashara ikifa, deni hili linaweza kukufuata wewe binafsi hata kama ulikuwa na kampuni iliyosajiliwa.

Ndiyo kazi ya akaunti ya pili. Kila jioni, au kila Jumapili kama mauzo ni machache, hamisha kodi yote uliyotoza. Usiiguse kulipia pango wala kontena. Ninaowajua walioanguka hawakuanguka kwa kutojua kanuni. Walitoza vizuri, wakaziona pesa zimekaa kwenye akaunti moja na faida, wakanunulia mzigo mpya wakisema zitarudi.

6. Andika kila kitu.
Mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kila mauzo: tarehe, kitu, bei, kodi, njia ya malipo, na kama hukutoza, sababu yake. Mteja akikupa cheti cha kuuza tena, kiweke nakala. Bila cheti hicho mkaguzi atakudai wewe kodi ambayo hukutoza. Texas kumbukumbu zinawekwa angalau miaka minne.

Mauzo yaliyolipwa kwa simu (Zelle, Cash App) na kwa taslimu yanaingia yote. Daftari la shule linatosha kuanzia, jedwali la kompyuta ni bora.

7. Peleka ripoti kwa wakati, hata kama hukuuza.
Ofisi itakupangia: kila mwezi, kila robo mwaka au mara moja kwa mwaka. Texas mwisho ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata kipindi. Anayeripoti kwa robo mwaka ana tarehe nne: Aprili 20, Julai 20, Oktoba 20, Januari 20.

Fomu ya mtandaoni inauliza mambo machache. Jumla ya mauzo yote, pamoja na yasiyo na kodi. Kisha mauzo yenye kodi. Kisha vitu ulivyovitumia mwenyewe. Usijaze mauzo yenye kodi peke yake kwenye sehemu ya jumla.

Hukuuza kitu miezi mitatu? Peleka ripoti ya sifuri. Ripoti iliyochelewa Texas ina faini ya dola 50 hata kama hudaiwi hata senti. Ukidaiwa, unaongezewa 5% ukichelewa hadi siku 30, na 10% ukivuka hapo. Ukiwahi, jimbo linakuachia 0.5% ya kodi kama asante. Ni kidogo, ichukue.

8. Fahamu soko gani linakutozea na lipi halikutozei.
Amazon, Etsy, eBay na Walmart hutoza na kupeleka kodi wenyewe kwa mauzo yanayopitia kwao, na sasa majimbo yote yenye kodi hii yanawataka wafanye hivyo. Hutozi tena juu yake. Mauzo hayo bado yanaweza kutakiwa kwenye ripoti yako kama taarifa, soma maelekezo ya jimbo lako.

WhatsApp, Instagram, na mteja mliyekutana Facebook akaja kuchukua mlangoni na kulipa mkononi: hapo hakuna anayekutozea. Wewe ndiye duka.

9. Ukianza kutuma majimbo mengine, hesabu kwa kila jimbo.
Zamani jimbo lilimdai tu muuzaji mwenye duka, ghala au mtu ndani yake. Juni 2018 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya South Dakota na Wayfair, iliruhusu kumdai hata asiyekuwapo, akivuka kiwango fulani cha mauzo. Majimbo mengi yameweka dola 100,000 kwa mwaka. California na Texas ni 500,000. New York inataka dola 500,000 pamoja na mauzo zaidi ya 100. Muuzaji mdogo wa mtandaoni mara nyingi hafiki huko. Lakini ukiweka mzigo kwenye ghala la jimbo jingine, au ukaenda kufungua meza kwenye tamasha la huko, umekuwapo, na kiwango hicho hakikulindi tena.

Ukikua hadi majimbo mengi, kuna mpango wa pamoja wa majimbo 24, Streamlined Sales Tax, unaokuruhusu kujiandikisha kwa fomu moja.

10. Meza ya tamasha ina taratibu zake.
Sherehe za uhuru, makongamano ya makanisa, mashindano ya mpira ya majira ya joto: mnabeba masanduku na kwenda. Uliza mwandalizi mapema. Minnesota mwandalizi lazima akusanye kutoka kwa kila muuzaji fomu ST19 inayoonyesha namba yake ya kodi au sababu ya kutokuwa nayo. California ina kibali cha muda mfupi kwa wauzaji wa namna hii. Toza kiwango cha mji wa tamasha, si cha nyumbani kwako.

## Yakienda mrama

Duka limenitoza kodi kwenye kitu kilichosamehewa. Rudi na risiti, zungumza na meneja, si keshia. Mara nyingi bidhaa imeingizwa vibaya kwenye mashine na wanakurudishia papo hapo. Wakikataa, ofisi ya kodi ya jimbo ndiyo ngazi inayofuata, tunza risiti.

Nimerudisha kitu, wamenipa bei bila kodi. Kodi nayo inarudi. Waonyeshe mstari wa "Tax" kwenye risiti ya kwanza.

Nanunua vitu vya kupakia kwenye kontena kwenda Mombasa au Dar, lazima nilipe kodi? Ukivichukua dukani na kuondoka navyo, kwa kawaida utalipa. Msamaha wa bidhaa zinazosafirishwa nje unadai ushahidi wa makaratasi, kwa mfano hati ya shehena inayoonyesha muuzaji mwenyewe ndiye aliyezituma. Kwa gari au mashine kubwa lizungumze na muuzaji kabla ya kulipa. Baada ya kulipa ni kazi kubwa.

Nilisahau kumtoza mteja. Jimbo linakudai hata hivyo. Unaweza kumrudia mteja, au ulipe mfukoni. Mteja wa kudumu hukubali. Wa kwenye tamasha humpati tena.

Nimetoza zaidi ya kiwango. Mrudishie mteja, au ipeleke yote kwa jimbo. Kubaki nayo si mojawapo ya njia.

Nimeuza miaka miwili bila kibali. Usikimbilie kujisajili kwa tarehe ya leo kana kwamba ulianza jana. Majimbo mengi, Texas ikiwamo, yana utaratibu wa kujitokeza kwa hiari ambao unaweza kukupunguzia au kukufutia faini. Mlango huo ni wa aliyejitokeza mwenyewe. Barua ya ofisi ikikufikia kwanza, mlango umefungwa. Hapa mlipe mhasibu anayeijua kodi ya mauzo ya jimbo lako, maana wengi wanaotujazia kodi ya mapato kila Aprili kazi hii hawaifanyi. Kama kodi uliitoza na hukuipeleka, itadaiwa yote, na utakuwa na nafasi ndogo ya kubembeleza.

Nimepata barua ya makadirio, wamenikadiria mauzo ambayo sikuwahi kuyafanya. Karibu kila mara ni ripoti ambayo hukuipeleka. Ofisi haijui uliuza nini, ikakisia. Peleka ripoti halisi ya kipindi hicho, hata ya sifuri, kisha piga simu. Barua ina tarehe ya mwisho ya kupinga, na tarehe hiyo haisubiri.

Nahamia jimbo jingine. Kibali hakihamishiki. Peleka ripoti ya mwisho, funga kibali cha zamani kwa maandishi au mtandaoni, na uombe kipya unakokwenda kabla ya mauzo ya kwanza. Ukikiacha wazi, ripoti zitaendelea kuhesabiwa kuwa hazijaja, na faini itaandikwa kwenye anwani ambayo hukai tena.